UZI: Vikokotoo na programu za simu kwa mwenye ugonjwa sugu wa figo, namna ya kuvitumia Mwanza na Kanda ya Ziwa

MuuguziFigo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Mwanza haipiti wiki bila mtu kurusha picha ya majibu ya maabara na kuuliza "hii figo imefikia wapi?" Kila anayejibu anasema lake, na kati yao hakosekani anayeuza unga wa dawa ya figo. Zana nzuri zipo mtandaoni, nyingi za bure, na mgonjwa au anayemuuguza anaweza kuzitumia akajua alipo, akaenda kliniki na kitu cha kumwonyesha daktari. Shida ni kwamba zimetengenezwa kwa watu wa vyakula vingine na vipimo vingine. Ukiingiza namba vibaya hazikugombezi, zinakupa jibu hilohilo bovu na wewe unaliamini.

Naanza na kikokotoo cha eGFR, yaani makadirio ya kiasi cha damu ambacho figo zinachuja kwa dakika. Kipo kwenye tovuti ya National Kidney Foundation ya Marekani na kwenye MDCalc. Kinataka kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu), umri na jinsia, basi.

La kwanza ni kipimo. Maabara zetu nyingi zinaandika µmol/L, vikokotoo vya Marekani vikifunguka viko kwenye mg/dL. Chukua mama wa miaka 48 mwenye kreatinini 150 µmol/L. Ukiandika 150 bila kubadilisha kipimo, kikokotoo kitakuonyesha figo zimekufa kabisa, na watu wanalia bure. Bonyeza pale pa kubadilisha kipimo, au gawanya kwa 88.4, 150 inakuwa 1.7. Sasa eGFR inatoka 37. Ukikosea ukabonyeza mwanaume, namba zilezile zinatoa 49. Hiyo ni tofauti ya daraja zima.

La pili ni toleo la fomula. Tafuta palipoandikwa CKD-EPI 2021. Fomula za zamani zinauliza kama mgonjwa ni mtu mweusi, na ukikubali zinaongeza namba: CKD-EPI ya 2009 inaongeza asilimia 16, MDRD asilimia 21. Mama yule yule wa 37 anapanda hadi 41 kwenye ile ya 2009 bila figo yake kubadilika chochote. Utafiti uliofanyika Malawi, Uganda na Afrika Kusini, ukatoka 2022, ulionyesha fomula za kreatinini zina tabia ya kuzikadiria figo za watu wa huku kuwa nzima kuliko zilivyo. Kwa hiyo nyongeza hiyo iacheni kabisa.

Madaraja: 90 na kuendelea ni G1, 60 hadi 89 ni G2, 45 hadi 59 ni G3a, 30 hadi 44 ni G3b, 15 hadi 29 ni G4, chini ya 15 ni G5. G1 na G2 peke yake si ugonjwa, mpaka kuwe na dalili nyingine ya figo kuumia, kwa mfano albumini (aina ya protini) kwenye mkojo. Na ugonjwa hauitwi sugu mpaka hali hiyo idumu zaidi ya miezi mitatu. Kipimo kimoja ulichopima ukiwa na malaria au unaharisha si cha kukuwekea daraja.

Karibuni tuongezee. Naomba wataalamu wa maabara, lishe na dawa waingie.

---

Maabara_Kirumba

Dada MuuguziFigo ahsante kwa kulianzisha. Naongezea yanayoharibu namba kabla hazijafika kwenye kikokotoo.

Kreatinini inapanda ukila nyama au samaki wengi waliopikwa saa chache kabla ya kutoa damu. Sahani kubwa ya sangara ya usiku inatosha kusogeza majibu ya asubuhi. Kaa masaa 12 bila nyama wala samaki, maji kunywa kama kawaida. Upande wa pili, mtu aliyekonda sana au aliyekatwa mguu ana misuli michache, hivyo kreatinini yake inatoka ndogo na kikokotoo kinamsifia figo asizokuwa nazo. Kwa huyo mwambie daktari mapema, kuna kipimo cha sistatini C ambacho hakitegemei misuli kwa kiasi hicho, ingawa si kila maabara inakifanya. Na watoto wasiingizwe kwenye CKD-EPI, wana fomula yao inayotumia urefu.

Potasiamu ndiyo inayotuchezea zaidi huku ziwani. Damu ikikaa muda mrefu kabla ya kutenganishwa kwa mashine, chembe nyekundu zinavujisha potasiamu na majibu yanatoka ya juu kwa uongo. Kuiweka sampuli nzima kwenye friji hakusaidii, baridi ndiyo inazidisha kuvuja. Kwa hiyo sampuli iliyotolewa kisiwani asubuhi, ikasubiri boti, ikafika mjini alasiri bila kuzungushwa, potasiamu yake isikutishe mpaka irudiwe. Vilevile mpira wa mkononi uliobanwa muda mrefu na kukunja ngumi mara nyingi vinapandisha. Ukiona 6.1 na mgonjwa hana dalili, uliza kama karatasi imeandikwa kuwa chembe zilipasuka, rudia siku hiyohiyo. Lakini mgonjwa akiwa na udhaifu wa misuli, moyo unadunda ovyo au anataka kuzimia, achana na simu, nenda hospitali sasa hivi.

Jambo jingine: andika jina la maabara pembeni ya kila jibu. Maabara mbili zinaweza kutofautiana kidogo kwa damu ileile. Ukitaka kuona mwendo, pima palepale kila mara.

---

MwanaNansio

Wakuu shikamooni. Nauliza. Kuna kikokotoo cha kutabiri kama figo zitafikia kusafishwa damu ndani ya miaka miwili au mitano, kinaitwa KFRE. Kinaomba ACR. Karatasi ya mgonjwa wangu imeandikwa "protini ++" tu. Niweke ngapi?

---

Maabara_Kirumba

Marahaba. Usiweke chochote. Alama za kijiti cha mkojo hazibadiliki kuwa ACR, kwa sababu kijiti kinasoma kutegemea mkojo wenyewe ni mzito au mwepesi. Aliyekunywa maji mengi anatoka + moja, aliyekauka anatoka ++ na figo ni zilezile. ACR inalinganisha albumini na kreatinini ndani ya mkojo mmoja, ndiyo maana maji hayaisumbui sana.

Omba kipimo cha ACR, na leta mkojo wa kwanza wa asubuhi. Usipimwe ukiwa kwenye hedhi, ukiwa na homa, una maambukizi ya njia ya mkojo, au umetoka kufanya kazi nzito. Halafu angalia kipimo tena: mg/mmol au mg/g. Ukitaka kutoka mg/mmol kwenda mg/g zidisha kwa 8.84. ACR ya 30 mg/mmol ni kama 265 mg/g, na ukizichanganya hizo kwenye KFRE utapata utabiri wa mtu mwingine.

Kwa watu wa kanda yetu kuna kichocho cha kuzingatia. Kile cha ziwani kinakaa zaidi kwenye mishipa ya utumbo. Cha mkojo kinapatikana zaidi huko bara kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga, na kinatoa damu na protini kwenye mkojo bila vichujio vya figo kuwa ndivyo vilivyoanza kuumia. Kikiachwa miaka kinaziba mirija na figo zinavimba. Aliyekulia maeneo hayo apimwe mayai ya kichocho, mkojo ukichukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Atibiwe kwanza, ndipo ACR ipimwe upya.

---

MuuguziFigo

Naongezea kwenye KFRE. Ni kwa mwenye eGFR chini ya 60. Kwenye kuchagua eneo, chagua nje ya Amerika Kaskazini. Jibu linakuja kwa asilimia, na asilimia ina kazi yake. Miongozo ya 2024 ya KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, inasema hatari ya miaka mitano ikifika asilimia 3 hadi 5 mgonjwa aonwe na daktari bingwa wa figo. Hatari ya miaka miwili ikivuka 10 ahudumiwe na timu nzima, ikiwamo lishe na dawa. Ikivuka 40 familia ianze kuelimishwa kuhusu kusafishwa damu au kupandikizwa, na fistula ipangwe (mishipa ya mkononi inayounganishwa kwa upasuaji ili itumike kusafishia damu). Fistula inahitaji wiki kadhaa hadi miezi ikomae, kwa hiyo kujua mapema kunamwepusha mtu kuwekewa mpira wa shingoni kwa dharura.

Sasa presha, maana ndiyo zana ya nyumbani inayookoa figo kuliko programu zote. Nunua mashine ya juu ya kiwiko, ya kifundo cha mkono achana nayo. Tovuti ya STRIDE BP ina orodha ya mashine zilizothibitishwa, chukua namba ya modeli iliyopo kwenye boksi dukani, uitafute pale kabla hujalipa. Pima mzingo wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida ni wa sentimita 22 hadi 32. Mkono wa sentimita 36 ukiufunga mkanda huo, presha inatoka juu kuliko ilivyo na mtu anaongezewa dawa asiyoihitaji.

Namna ya kupima: kojoa kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, nyayo chini, miguu usiikunje, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi. Nusu saa kabla usinywe chai ya rangi wala kahawa, usivute sigara. Usiongee. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Fanya asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kula, siku saba. Hizo ni namba 28. Nne za siku ya kwanza zitupe, zilizobaki 24 tafuta wastani. Wengi huwekewa lengo la chini ya 130/80 kwa kipimo cha nyumbani, daktari wako anaweza kukupa jingine. Mwenye fistula kamwe asifungwe mkanda kwenye mkono huo, wala asitolewe damu hapo.

---

KijanaWaSengerema

Dada, naziandika kwenye Google Sheets lakini wastani unagoma kutoka. Kila siku naandika 142/88 kwenye kijumba kimoja.

---

MuuguziFigo

Ndiyo sababu, mdogo wangu. Ukiweka mkwaju katikati, programu inaona maandishi, haioni namba, na fomula ya wastani inayaruka. Tenganisha. Safu A tarehe, B muda, C namba ya juu, D namba ya chini, E mapigo, F uzito, G maelezo. Mstari wa kwanza ni vichwa. Siku ya kwanza itachukua mstari wa 2 hadi 5, hiyo hatuihesabu. Kwa namba ya juu andika =AVERAGE(C6:C29), kwa ya chini =AVERAGE(D6:D29).

Kwenye maelezo andika kitu kifupi kinachoeleza namba: "hakulala", "dawa ziliisha jana", "miguu imevimba". Mstari wenye 168 na neno "dawa ziliisha jana" unamwambia daktari asiongeze kidonge.

Mtandao ukikata kata, fungua programu ya Sheets, bonyeza nukta tatu kando ya faili, ruhusu lipatikane bila intaneti. Utaandika ukiwa popote na likipata mtandao litajisasisha lenyewe.

Uzito: asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, nguo zilezile, mizani juu ya sakafu ya saruji, si juu ya mkeka wala zulia. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku mbili tatu ni maji, si kunenepa. Piga simu kliniki.

---

LisheKandaYaZiwa

Nimesubiri zamu yangu. Programu za chakula ndizo zinazopotosha zaidi, na zinapotosha kimyakimya.

MyFitnessPal imejaa vyakula vilivyoingizwa na watumiaji wenyewe. Mtu ameandika "ugali" akajaza kalori na wanga tu. Sehemu ya potasiamu ikiwa tupu, kwenye jumla ya siku inahesabiwa kama hakuna kitu. Mgonjwa anakula mchicha, maharage na parachichi, programu inamwambia yuko salama. Cronometer ni afadhali, inaonyesha potasiamu, sodiamu na fosforasi na inakuambia data imetoka wapi. Chagua zile za jedwali la Marekani, za USDA. Kwa chakula chetu tumia Jedwali la Virutubisho vya Vyakula vya Tanzania la 2008, limeandaliwa na MUHAS, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Linapatikana kama PDF, lishushe mara moja ukae nalo kwenye simu. Kisha kwenye Cronometer tengeneza chakula chako mwenyewe, ujaze namba kutoka kwenye jedwali. Ni kazi ya jioni moja kwa vyakula kumi na tano hivi, na familia nyingi hazivuki hapo kwa mwezi.

Lakini kabla hujaanza kuhesabu potasiamu, uliza: umeambiwa uipunguze? Kama majibu yako ni 4.3, hakuna sababu ya kuacha matunda na mboga. Tovuti nyingi zinampa kila mwenye figo orodha moja ya makatazo, mtu wa G3a anaishia wali mweupe na chai, anadhoofika. Vikwazo vinakuja pale damu inapoonyesha, kwa kawaida potasiamu ikivuka 5.0 au 5.5 kutegemea maabara, na daktari akasema.

Kwa aliyeambiwa, hizi ni namba za gramu 100 za chakula kilichopikwa, kwa kukadiria: wali mweupe kama miligramu 35, kabichi iliyochemshwa karibu 200, viazi vitamu vilivyomenywa vikachemshwa 230, maharage 400, mchicha uliochemshwa ukachujwa 640. Parachichi 485, ndizi mbivu 360, nanasi 110. Kwa hiyo kubadilisha mchicha kwa kabichi kunafanya kazi kubwa kuliko kuacha vitu vitano vidogo.

Sasa michembe. Hapa programu zote zinashindwa, kwa sababu mtu anaandika "viazi vitamu" na kuweka gramu 100. Kiazi kibichi ni maji zaidi ya sehemu saba kwa kumi. Ukikikata vipande ukakianika juani, maji yanakwenda, potasiamu haiendi popote. Gramu 100 za michembe mikavu zinabeba potasiamu ya karibu gramu 300 za viazi vibichi. Matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, ni vilevile. Ukitaka kuyahesabu, pima uzito yakiwa makavu, zidisha kwa tatu, ndipo uandike kama viazi vibichi. Ukiyachemsha na kumwaga maji, sehemu ya potasiamu inaondoka. Ukiyapika na karanga mpaka maji yakauke, yote inabaki na ya karanga inaongezeka.

Kutoa potasiamu kwenye viazi, mihogo au ndizi za kupika: menya, kata vipande vyembamba vya nusu sentimita au chini, chemsha kwenye maji mengi, mara tano ya chakula au zaidi, mwaga, weka maji mapya, chemsha tena hadi viive, mwaga tena. Kuloweka peke yake usiku kucha kunatoa kidogo kuliko watu wanavyodhani. Maji hayo yasitumike kwenye mchuzi.

---

MwanaNansio

Mtaalamu, na dagaa? Huku kisiwani hatuna mboga nyingine.

---

LisheKandaYaZiwa

Dagaa wa ziwani aliyeanikwa bila chumvi ni protini nzuri na ya bei nafuu, sitaki watu wamkimbie. Ila wanaliwa wazima na mifupa, kwa hiyo fosforasi na kalsiamu ni nyingi, na wamekaushwa, hivyo kidogo kinabeba kingi. Gramu 100 za dagaa wakavu zina protini kama gramu 60. Mtu wa kilo 60 ambaye hajaanza kusafishwa damu analengwa gramu 0.8 kwa kilo, yaani 48 kwa siku nzima, ukihesabu pamoja na ya maharage na ugali. Kwa hiyo mpimie gramu 30 kwa mlo, kwa mizani ya jikoni mara moja, uone zinajaa wapi kwenye bakuli lako, kisha tumia bakuli hilo. Aliyekwisha kuanza kusafishwa damu anahitaji protini zaidi, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, maana nyingine inapotea kwenye mashine. Programu nyingi hazikuulizi uko kundi gani.

Fosforasi nayo programu zinaijumlisha kama ya aina moja. Ya maharage na dona mwili unaichukua kwa sehemu ndogo tu, ya nyama na samaki zaidi, na ile inayoongezwa viwandani, kama ya soda nyeusi na soseji, inaingia karibu yote. Soda ya miligramu chache inaweza kuwa mbaya kuliko kijiko cha maharage chenye namba kubwa. Ukibanwa, anza kuacha ya kiwandani.

Kayabo, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, sitaizungukia: ni chumvi. Ukiipenda, loweka, mwaga maji mara kadhaa, na hapo bado ni ya siku moja moja. Magadi kwenye mlenda ni sodiamu. Maji ya majivu ni potasiamu. Na ile chumvi ya "sodiamu kidogo" ya madukani mara nyingi imewekewa kloridi ya potasiamu, kwa mwenye figo dhaifu inaweza kumuua. Soma paketi.

Zana ya chumvi isiyohitaji simu: ukifungua paketi ya gramu 500 andika tarehe kwa kalamu juu yake. Ikiisha, gawanya kwa idadi ya watu, kisha kwa idadi ya siku. Familia ya watu wanne ikimaliza kwa siku 15, ni gramu 8.3 kwa kila mtu. Lengo ni chini ya 5, na hapo bado hujahesabu chumvi ya mkate na chipsi za barabarani.

---

Mfamasia_Igoma

Kwenye dawa, tatu tu, lakini ni nzito.

Kwanza, vikaguzi vya mgongano wa dawa, kama cha drugs.com, havijui majina mengi ya kibiashara yaliyo kwenye maboksi yetu. Geuza boksi, soma jina dogo la dawa yenyewe, ndilo uandike. Boksi moja linaweza kuwa na mbili ndani, kama losartani na haidroklorothiazidi, zote za presha. Zote ziandikwe. Dawa za kiungulia za unga unaochemka zina sodiamu nyingi, nazo ziingie kwenye orodha.

Pili, dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu: zinabana mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio cha figo. Mtu anayetumia pia losartani au enalaprili na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuanguka ndani ya siku chache. Dukani mwambie muuzaji "nina figo" kabla hajashika kopo, na sema vivyo hivyo mtu akitaka kukuchoma sindano ya antibayotiki ya jentamaisini. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia, kwa kipimo. Hakuna programu itakayokukumbusha haya kama hukuiandika dawa uliyonunua ya vidonge vinne kwenye karatasi.

Tatu, siku za kuumwa. Ukitapika au kuharisha, kuna dawa husimamishwa kwa muda: za kundi la losartani na enalaprili, za kukojoza, metifomini, dapaglifozini na wenzake, na baadhi ya za kisukari. Sababu ni kwamba mwili umekauka, na dawa hizo ama zinazidi kupunguza msukumo wa damu kwenye figo au zinajikusanya. Zinarudishwa masaa 24 hadi 48 baada ya kula na kunywa kawaida. Tovuti ya Canada ya My Kidneys My Health, iliyotengenezwa na watafiti wa Calgary pamoja na wagonjwa, ni ya Kiingereza lakini ni mfano mzuri wa kujifunza kujisimamia. Usijiamulie kutoka mtandaoni. Mwombe daktari akuandikie, ukiwa mzima, karatasi yenye majina ya dawa zako za kusimamisha, iweke picha kwenye simu na nyingine bandika mlangoni mwa kabati.

Na msitupe losartani kwa sababu kreatinini imepanda kidogo baada ya kuianza. Kupanda hadi asilimia 30 ndani ya wiki nne kunatarajiwa: aliyekuwa 150 akifika 180 bado yumo. Akivuka 195, au potasiamu ikipanda, arudi kliniki. Pimeni zote mbili wiki mbili hadi nne baada ya kuanza au kuongezewa.

---

KijanaWaSengerema

Na hizi dawa za kwenye magrupu za "kushusha kreatinini"? Kuna mtu ametuma majibu kabla na baada, imeshuka kweli.

---

Maabara_Kirumba

Kreatinini inashuka kwa njia nyingi ambazo si figo kupona. Acha nyama na samaki wiki mbili, itashuka. Konda, itashuka. Pima mara ya kwanza umekauka na mara ya pili umekunywa maji, itashuka. Anayeuza anakwambia pia ule mboga tu na unywe maji mengi, na unga wake unachukua sifa. Omba ACR na majibu matatu yenye tarehe, maabara moja. Hawaleti.

---

Mfamasia_Igoma

Na mara nyingi hamjui kuna nini ndani. Mimea ya jamii ya Aristolochia inaua figo yenyewe na inaleta saratani ya njia ya mkojo, hilo limethibitishwa.

Pia msirushe karatasi zenye majina na namba ya faili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kata sehemu ya juu ya picha kabla ya kutuma, bakiza umri, jinsia, namba na kipimo chake.

---

MamaWaNyegezi

Habarini wanangu. Mgonjwa wangu ana kitochi na yuko kwenye kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Haya yote ya simu kubwa hayamhusu. Kuna la kwake?

---

MuuguziFigo

Shikamoo mama. Lipo, na kwake ni muhimu kuliko kwa wengine. Kitochi kina alamu: weka ya dawa za kuzuia fosforasi wakati wa kula, maana hizo zinafanya kazi zikikutana na chakula tumboni, zikichelewa hazina maana. Daftari la kawaida, kila siku mstari mmoja: uzito, mkojo uliotoka, maji yaliyoingia, presha.

Maji: chukua chupa ya lita moja, jaza asubuhi kiasi alichoruhusiwa. Wengi huwekewa kiasi cha mkojo wa siku iliyopita kujumlisha mililita 500 hadi 750, afuate alichoandikiwa. Kila anachokunywa kwenye kikombe, mwaga kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Uji, mchuzi, barafu, maji ya kumezea dawa, vyote vinahesabiwa. Chupa ikiisha saa kumi jioni anajua amebakiwa na kusukutua tu. Chumvi ikipungua kiu nayo inapungua, bila hilo chupa haitamsaidia.

Uzito kati ya kusafishwa mara moja na nyingine usiongezeke zaidi ya kama asilimia 4 ya uzito mkavu, yaani uzito wake maji ya ziada yakiwa yametolewa. Kwa kilo 60 ni kilo 2.4. Ukizidi hapo mashine inalazimika kuvuta maji kwa kasi, ndipo presha inaanguka na misuli inakaza akiwa kitini.

Kila asubuhi aweke vidole juu ya fistula asikie mtetemo. Usiposikika, siku hiyohiyo aende kituo chake, asisubiri zamu.

Anapovuka kwenda Ukerewe au Ukara kwenye msiba au sikukuu, apange siku zake na kituo kabla ya kukata tiketi, sio akiwa ng'ambo. Abebe karatasi moja: uzito mkavu, dawa na dozi, majibu ya mwisho ya potasiamu na hemoglobini, hali ya homa ya ini B, C na VVU, mkono wenye fistula, na namba ya simu ya kituo. Aweke nakala kwa anayesafiri naye. Na ziwa likichafuka, boti isiondoke na zamu ikapita, kuanzia hapo apunguze maji, aache ndizi, viazi, mchicha na kayabo, na mpigie simu kituo bila kusubiri miguu ivimbe. Akibanwa pumzi au moyo ukidunda ovyo, apelekwe hospitali ya karibu huko huko alipo.

---

MamaWaNyegezi

Marahaba mwanangu. Karatasi hiyo tunaiandika leo. Homa ya ini C haijaandikwa kwenye kadi yake, tutaulizia zamu ya Alhamisi.